Fundi wa Ukingoni

Ukipata nafasi ya kutazama mpira wa Kimarekani, usimtazame mwenye mpira. Najua ushauri huu ni mgumu kwetu watu wa Korogwe na Handeni. Tumelelewa na kandanda, na katika kandanda jicho hufuata mpira: Simba na Yanga zikicheza, vichwa vyote ndani ya kibanda umiza, uwe Manundu au Chanika, hugeuka kwa pamoja. Mpira wa Kimarekani ukiutazama hivyo utaona rundo la mijitu ikiangukiana, filimbi, watu wanasimama wanazungumza, kisha rundo jingine. Utazima runinga ulale, na hakuna wa kukulaumu, maana mechi zao nyingi huangukia usiku wetu, na fainali yao, Super Bowl, huanza kama saa nane na nusu za usiku wa kuamkia Jumatatu, muda ambao barabara ya Segera wamebaki madereva wa malori peke yao.

Mtazame mtu wa ukingoni. Hapo ndipo mchezo ulipo.

Nieleze kwa kifupi. Kila upande una watu 11. Wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na ushee. Wakifaulu wanapewa manne mengine, wakishindwa wanawaachia wenzao mpira. Kabla ya kila jaribio wanajipanga mstari mmoja, na watano wa katikati ya mstari huo ni wasukumaji tu: sheria haiwaruhusu kudaka pasi. Pembeni yao, bega kwa bega na msukumaji wa mwisho, husimama mtu anayeitwa taiti endi. Huyu ana kazi mbili. Mara asukume kama wale watano, mara achomoke akimbie adake kama winga. Lazima awe mzito wa kutosha kwa kazi ya kwanza na mwepesi wa kutosha kwa ya pili, na adui asijue ni ipi inayokuja.

Uso kwa uso naye husimama mtu wa ulinzi ambaye kazi yake ni kuziharibu kazi zote mbili. Taiti endi anajua anachokwenda kufanya. Huyu wa pili hajui, na ana chini ya nusu sekunde ya kujua. Mimi huyo ndiye ninayempenda, na katika wote waliowahi kuifanya kazi hiyo, aliye karibu na sisi kwa damu na kwa jina ni Mathias Kiwanuka.

Jina hilo msomaji wa umri fulani atalitambua. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party na waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kabla Milton Obote hajaishika nafasi hiyo mwezi Aprili 1962. Mwaka 1971 aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 watu wa Idi Amin walimchukua kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe, akauawa. Mjukuu alizaliwa Machi 8, 1983, mjini Indianapolis, jimbo la Indiana, akasoma Cathedral, sekondari ya Kikatoliki katika mji huohuo, na huko ndiko alikoanza kuvaa kofia ngumu na mabega ya plastiki.

Sisi wa upande huu tusishangae sana damu yetu kufika kote huko. Karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani kutoka nchi ya Handeni na kandokando yake, wakapelekwa Somalia, na vizazi vyao vikakaa kando ya mto Jubba bila kuisahau lugha. Dola ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 wakakimbia. Baadhi yao walirudi hapahapa Handeni, wakapewa makazi Chogo, na wengine wakapata uraia wa Tanzania. Wenzao wapatao 12,000 katika jamii hiyo waitwao Wabantu wa Somalia walipokelewa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004, na watoto wao wamesoma katika shule za miji kama Lewiston, jimbo la Maine. Huko wamejulikana zaidi kwa kandanda: timu ya sekondari ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2015 ikiwa imejaa vijana wenye asili ya Somalia. Mpira wa kofia ngumu bado ni wa wachache kwao. Kwa sasa anayetosha kutazamwa ni huyu Mganda.

Alikuwa na urefu wa sentimita 196 na uzito wa karibu kilo 120, lakini tarakimu hizo hazikupi picha. Wanene wamejaa katika mchezo ule. Kilichomtofautisha ni mikono. Alikuwa na mikono mirefu kuliko ilivyostahili mwili wake, na alijua mapema nini cha kufanya nayo. Alipocheza chuo kikuu cha Boston College, 2002 hadi 2005, kazi yake ilikuwa mlinzi wa mwisho wa mstari: anapiga goti nusu, vidole vya mkono mmoja vimegusa nyasi, kisigino cha mguu wa nyuma kimenyanyuka, macho hayatazami mtu bali yanatazama mpira ulipo chini. Mpira ukitikisika tu, anatoka. Asisubiri sauti, kwa sababu sauti ni ya kuwadanganya walinzi.

Hatua ya kwanza ndiyo fundisho lote. Asiyejua hupiga hatua ndefu ili afike upesi, na mguu mmoja ukiwa hewani muda mrefu, msukumaji humgusa kidogo tu begani akaanguka. Kiwanuka alipiga hatua fupi, chini, karibu ya kuburuza, na hatua ya pili ndiyo iliyokuwa ndefu. Wakati huo mkono wa ndani umeshafika kifuani kwa mpinzani. Mwenye mkono mrefu anamgusa mwenzake kabla hajaguswa, na aliyegusa kwanza ndiye anayeamua ngoma inapigwaje. Kuanzia hapo ana njia kadhaa: anaupiga mkono wa mpinzani chini na kupitisha wake juu kama mtu anayeogelea, au anazamisha bega, anapitisha mkono chini ya kwapa na kuunyanyua, au, mpinzani akishaanza kuegemea nyuma kuogopa hayo mawili, anamsukuma wima kurudi kwa kwotabeki wake, yule mrushaji wa mpira. Hii ya tatu ndiyo inayonipendeza, maana inafanikiwa kwa sababu ya zile mbili ambazo hakuzifanya.

Kumwangusha kwotabeki akiwa bado na mpira ndicho kipimo cha mlinzi wa mwisho. Wakimwangusha wawili, kila mmoja huandikiwa nusu. Kiwanuka aliondoka Boston College akiwa na 37.5, rekodi ya chuo, na mwaka 2006 timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya, New York Giants wakamchagua wa 32, nafasi ya mwisho kabisa katika raundi ya kwanza. Wengi walijiuliza Giants wanamtaka wa nini. Ukingo mmoja ulikuwa wa Michael Strahan, aliyekwisha kuwa gwiji, na mwingine wa Osi Umenyiora. Lakini wachezaji huumia, na wote wawili waliumia msimu ule, kijana akaingia.

Novemba 26, 2006, mjini Nashville, lilitokea jambo ambalo Wamarekani wengi hulikumbuka wakilisikia jina lake, na si la kumpamba. Giants walikuwa wanaongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho. Tennessee Titans wakapata tachidauni mbili, yaani mara mbili waliufikisha mpira mwisho wa uwanja, 21 kwa 14, kisha wakabanwa kwenye jaribio la nne, yadi 10 mbele yao. Wakishindwa hapo, basi. Kiwanuka akamtoka mpinzani wake, akamfikia kwotabeki Vince Young, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili. Kisha akamwachia. Aliamini mpira umeshatoka mkononi, na kumwangusha kwotabeki aliyekwisha kurusha ni adhabu ya yadi 15. Mpira haukuwa umetoka. Young akakimbia yadi 19, Titans wakasawazisha, na zikiwa zimebaki sekunde chache wakapiga mkwaju kati ya milingoti. 24 kwa 21.

Nimeirudia picha hiyo mara nyingi, na kila nikiitazama naona ufundi uliokamilika ukiharibiwa na adabu. Hatua ilikuwa safi, mikono ilikuwa safi, pembe aliyomwingilia nayo ilikuwa sahihi. Kilichomponza ni kuwa na akili ya sheria kichwani wakati mwili ulikuwa umemaliza kazi. Mwenye miaka 23 angeweza kuishia hapo. Wapo walioishia kwa madogo kuliko hilo.

Mwaka uliofuata kocha mpya wa ulinzi, Steve Spagnuolo, akamhamisha. Strahan yupo, Umenyiora yupo, Justin Tuck anakuja juu. Basi Kiwanuka asimame wima, arudi nyuma kidogo ya mstari, awe lainibeka wa upande wenye nguvu. Upande wenye nguvu maana yake upande aliko taiti endi. Ndipo habari yangu inapokolea.

Mtu aliyezoea kuanza na vidole chini, mpira ukitikisika atoke kwa nguvu zote mbele, sasa anaambiwa asimame, magoti yamekunjwa kidogo, asiende popote mpaka asome. Anasoma nini? Kofia ya taiti endi. Ikitumbukia ndani, kuelekea katikati, mara nyingi mkimbiaji anakuja huku nje au mtu wa pili anakuja kukupiga ubavu. Ikija moja kwa moja kifuani kwako, anataka kukushika ili mkimbiaji apite upande wowote atakaouona. Ikipita pembeni yako, macho yake yakitazama mbali, anakwenda kudaka. Na taiti endi mjanja anajua unasoma kofia, kwa hiyo anaitumbukiza ndani, anakugusa kana kwamba anasukuma, anahesabu moja, kisha anateleza kama kambare na kwotabeki anamkuta peke yake.

Dawa yake ni mikono tena. Sheria inaruhusu kumgusa mdakaji ndani ya yadi tano za mwanzo. Lainibeka anatoa ngumi mbili wazi, viganja vya mikono chini ya pedi za kifua, dole gumba juu, viwiko vimebanwa. Akikaza viwiko nje, nguvu inapotea na mwamuzi anaona. Akigusa vizuri, taiti endi anachelewa nusu hatua, na kwotabeki aliyepanga kurusha kwa hesabu ya hatua tatu anakuta mtu wake hajafika. Kwa upande wa mkimbiaji kazi ni nyingine: mkono wa nje usishikwe kamwe. Unampa taiti endi bega la ndani, unamzuia kwa mkono mmoja na mguu mmoja, na upande wa nje wa mwili unauacha huru, ili mkimbiaji akiona ukingo umefungwa arudi ndani walikojaa wenzako. Yeye ndiye aliyeufunga mlango, na atakayeandikiwa kumkamata mkimbiaji ni mwingine.

Kiwanuka alijifunza hayo mbele ya watu, mechi baada ya mechi, na mwanzoni alionekana kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Kufikia Novemba 2007 alikuwa ameanza kuyaweza. Novemba 18, Detroit, mfupa wa mguu wake ukavunjika, msimu ukaisha.

Giants wakaendelea bila yeye hadi fainali ya Februari 3, 2008, dhidi ya New England Patriots ambao hawakuwa wamefungwa mechi hata moja msimu mzima, 18 kwa 18. Taiti endi mkubwa wa Giants, Jeremy Shockey, naye alikuwa amevunjika mguu Desemba. Nafasi yake alikaa Kevin Boss, mgeni kwenye ligi, kutoka chuo kidogo cha Western Oregon ambacho hata Wamarekani wengi hawakijui. Mwanzoni mwa robo ya nne Boss alichomoka katikati, akadaka, akakimbia, jumla yadi 45, na muda mfupi baadaye Giants wakapata tachidauni. Wote hukumbuka jinsi David Tyree alivyoubana mpira kwenye kofia yake dakika za mwisho, na ni haki yake. Lakini mlango wa ngome ile isiyofungika aliufungua taiti endi asiye na jina. Giants 17, Patriots 14. Kiwanuka alipata pete ya ubingwa akiwa mtazamaji.

Baadaye ramani ya kazi yake ni ya kupanda na kushuka, nami sitaifuata yote. Mwaka 2008 Umenyiora aliumia goti kabla ya msimu kuanza, Kiwanuka akarudishwa kwenye mstari, vidole chini tena, akawaangusha makwotabeki mara 8. Mwaka 2010 alianza kama moto, mara 4 katika mechi tatu, kisha pingili ya shingo ikaleta shida na akakaa nje. Jeraha la shingo kwa mtu wa kazi ile halifanani na la mguu. Kila pigo linaanzia kwenye kofia.

Aliporudi 2011 walimweka lainibeka tena. Giants walikuwa na Tuck, Umenyiora na kijana Jason Pierre-Paul. Ukingoni hapakuwa na nafasi. Na msimu ule ulikuwa wa mataiti endi. Rob Gronkowski wa Patriots, jitu la mita mbili kasoro kidogo, alidaka tachidauni 17, rekodi ya nafasi hiyo, kwa yadi 1,327. Fainali ikawakutanisha tena Giants na Patriots, Februari 5, 2012, na uwanja ulikuwa Lucas Oil, Indianapolis. Kiwanuka akacheza fainali katika mji aliozaliwa, safari hii akiwa amevaa viatu.

Mtu angeweza kuandika historia ya mechi ile kwa mataiti endi peke yao. Gronkowski aliingia na kifundo cha mguu kilichoumia mechi iliyotangulia, na alidaka mara mbili tu. Giants kwa upande wao walimpoteza Travis Beckum kwa goti, kisha katika robo ya mwisho wakampoteza Jake Ballard, naye kwa goti, wakabaki na Bear Pascoe. Mwanzoni mwa robo hiyohiyo Tom Brady alimrushia Gronkowski mpira mrefu. Mzima angeurukia, lakini kwa mguu ule mmoja hakuweza, na Chase Blackburn, lainibeka wa Giants, akaunyakua. Hata mpira wa mwisho kabisa, ule wa kubahatisha, ulipogongwa hewani ukaanguka, Gronkowski alijitupa na kuukosa kwa vidole. Giants 21, Patriots 17.

Katika yote hayo utamtafuta Kiwanuka kwenye picha za marudio, na humpati kwa urahisi. Yuko ukingoni, mkono wa nje uko huru. Msimu ule aliwaangusha makwotabeki mara 3.5 tu, chini ya nusu ya zile 8 za 2008, na kwa hesabu hiyo wapo waliosema ameshuka. Kwenye mashamba ya mkonge ya Magunga au Ngombezi mkataji hulipwa kwa mafungu aliyoyapanga, wala hakuna daftari la miiba aliyoiondoa kabla ya kuyafunga. Daftari la mpira wa Kimarekani lina upungufu uleule. Kwangu mimi 2011 ndio msimu wake bora. Mwenye mkanda wa mechi zile atafute majaribio ambayo mkimbiaji anaanza kwenda nje, anasita, anarudi ndani, anakamatwa na mtu mwingine. Arudishe nyuma, atazame ni nani aliyemfanya asite.

Mwaka 2013, katika uwanja uleule wa Indianapolis, aliingia Mwafrika Mashariki mwingine kwa mlango tofauti kabisa. Daniel Adongo, Mkenya, mchezaji wa raga ambaye hakuwa amewahi kucheza mpira wa Kimarekani hata siku moja, alisajiliwa na Indianapolis Colts na kufundishwa kuwa lainibeka wa nje. Mwili alikuwa nao, kasi alikuwa nayo. Alianza kucheza Desemba mwaka huo, zaidi kwenye vikosi vya mikwaju, na 2015 safari yake ikaisha. Simtaji kumshusha. Namtaja kwa sababu anaonesha ile kofia ya taiti endi ni kitabu kigumu kiasi gani kwa aliyekifungua ukubwani, na kwa nini Kiwanuka, aliyeanza kukisoma utotoni, bado alihitaji miaka minne ya ligi na mifupa kadhaa kabla hajakielewa.

Giants walimwachia Machi 2015, goti likiwa limemsumbua msimu uliotangulia. Alikuwa amekaa nao misimu tisa, timu moja tangu mwanzo hadi mwisho, akihamishwa kati ya mstari na nyuma ya mstari kila wenzake walipoumia au kupona. Jumla yake kwenye ligi ni 38.5, moja tu zaidi ya alizozipata Boston College.